Kisima cha Nantimbwe na Wakwe Zake

Nilipokuwa mtoto, niliamini kwamba wanaume wa kijiji chetu ni wasahaulifu. Kila mahali walipajua kwa jina: kichaka hiki, bonde lile, kivuko cha juu na kivuko cha chini, hata jiwe ambalo mbuzi wa jirani alizalia mapacha pembeni yake. Lakini mazungumzo yakifika kwenye kisima kilichokuwa ukingoni mwa mikoko, waliishiwa maneno wote. Walisema "pale". Aliyebanwa zaidi alisema "pale kwa mama", akaelekeza kidevu upande wa mto, kisha akauliza habari za korosho.

Sisi watoto jina tulilijua vizuri. Kisima kiliitwa Nantimbwe, na tulilitaja kutwa nzima: twende Nantimbwe, nimesahau ndoo Nantimbwe, nani amemwona dada Nantimbwe. Nilimwonea huruma babu yangu kwa kushindwa kukumbuka neno dogo namna ile. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hawakuwa wamesahau. Walikuwa wameoa.

Kwetu, huku karibu na mdomo wa Ruvuma, desturi ya zamani ilikuwa mwanamume akioa anahamia kwa mkewe. Nantimbwe alikuwa bibi wa mabibi zetu, mwanamke aliyeanzisha kijiji, na wanawake wote wa pale walitoka kwake. Kwa hiyo kila mwanamume aliyelala kijijini kama mume wa mtu alikuwa mkwe wake, na mkwe hatamki jina la mama mkwe, awe hai au awe amekufa kabla babu yake mkwe huyo hajazaliwa. Vijana wa kiume waliozaliwa kwetu walikwenda kuoa kwingine, Mpapura na huko, wakanyamazia majina ya watu wengine. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mkwe. Fundi cherehani alikuwa mkwe. Imamu alikuwa mkwe.

Mimi ninalitaja na kuliandika kwa sababu ni mjukuu, na wajukuu wameruhusiwa. Mume wangu, ambaye husoma maandishi yangu kutafuta makosa, akifika kwenye jina hili hulifunika kwa kidole na kuendelea mbele.

Adhabu ya mkwe aliyelitaja haikuwa kifo wala ugonjwa wa kulazwa. Ilikuwa kwikwi. Ilimshika papo hapo, na haikumwachia mpaka mwanamke wa ukoo ampake unga wa mtama kwenye kipaji cha uso. Walikuwapo mashahidi. Fundi mmoja wa kujenga, kijana mjuaji aliyekuja kuoa kutoka mjini, alilitaja makusudi kwenye sherehe ili aonyeshe kwamba yeye ni mtu wa kisasa. Alikwenda nayo kwikwi hadi sala ya Ijumaa, akawa anawakatizia wenzake kila waliposujudu. Imamu alipotoa salamu hakugeuka hata kumtazama. Alisema tu kwamba aliyefanya alichofanya aende akapakwe unga, maana watu wanataka kuswali sunna kwa utulivu.

Nimesoma hadi kidato cha nne, na ninajua kwamba kwikwi humshika mtu kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni kula muhogo mkavu kwa haraka. Sibishani na yeyote. Ninaandika nilichokiona na nilichosimuliwa na waliokiona, na nikisimuliwa tu nitasema hivyo.

Basi mwaka mmoja, mikorosho ikiwa kwenye maua, walikuja watu wa ramani. Walikuwa na gari, fimbo zenye rangi nyekundu na nyeupe, na chombo cha miguu mitatu ambacho mbuzi walikiogopa. Mkubwa wao, Bwana Mkude, alikuwa mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alieleza kwamba wametumwa kuandika majina ya zamani ya pwani ile yote, pamoja na maana zake, kabla wanaoyajua hawajaisha. Ramani zilizokuwapo, alisema, zilichorwa na watu waliopita haraka, wakasikia nusu na kuandika robo. Yeye alitaka kila jina litoke kwa wenyewe.

Pamoja naye alikuwa karani, kijana wa Nanyamba aliyeitwa Rajabu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kama wa kitabu. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika.

Bwana Mkude aliomba kuonana na wazee. Wakaenda wanaume, kama kawaida, wakakaa kwenye mabenchi nje ya shule. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na babu, ambaye alikuwapo na aliteseka. Majina ya mashamba yalikwenda vizuri, na ya vijito, na ya vivuko. Kisha Bwana Mkude akaweka kidole kwenye karatasi na kuuliza mahali penye kisima panaitwaje.

Mwenyekiti alisema panaitwa pale. Bwana Mkude akakubali kwamba ndiyo, anauliza hapo hapo, panaitwaje? Mwenyekiti akasema panaitwa pale kwa mama. Mama nani? Hapo mwenyekiti alikohoa, akawatazama wenzake, na wenzake wote wakawa wanatazama vidole vya miguu yao.

"Mama mwenyewe," akasema.

Rajabu akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Kwa Mama Mwenyewe. Kwenye sehemu ya maana akaandika kwamba haikujulikana.

Pengine ingeishia hapo, isingekuwa Mzee Selemani wa ng'ambo ya kijito. Yeye hakuwa mkwe wa mtu yeyote kwetu, na alikuwa na kisasi cha muda mrefu na kijiji chetu juu ya nani ana haki ya kukata nguzo mikokoni. Aliinuka akasema mahali pale panaitwa Kwa Halfani. Halfani alikuwa babu yake mzaa baba. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba babu yake alikwama pale na mtumbwi wakati maji yamekupwa, akakaa matopeni mpaka bahari ikajaa tena. Bwana Mkude alifurahi sana, maana hatimaye alikuwa amepata jina lenye historia. Babu yangu alitaka kupinga. Alifungua mdomo, akakumbuka kwamba ili kulikataa jina lile ni lazima alitaje hili, akaufunga.

Alitusimulia hayo wakati wa kula, sahani ya ming'oko, viazi vya porini vya kwetu, ikiwa katikati yetu. Bibi yangu, Bibi Somoe, alikuwa mtu wa maneno machache. Aliacha kumenya.

"Kukwama matopeni ndiyo sababu ya mahali kuitwa jina lako?" alimwuliza babu. "Basi pwani yote hii ingeitwa kwako wewe."

Babu akacheka, lakini bibi hakucheka. Alikuwa na habari ya kisima kile aliyoipokea kwa mama yake, na aliihifadhi kama wengine wanavyohifadhi mali. Nantimbwe alivuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma mwaka wa njaa, na wanawe mgongoni na mkononi. Watu aliowakuta walimwonyesha akae ukingoni mwa mikoko, mahali ambapo kila aliyechimba alipata maji ya chumvi, kwa matumaini kwamba ataona mwenyewe na kuondoka. Akachimba, akapata maji matamu. Wale waliomsukumia huko walipokuja na mitungi yao, hakumzuia hata mmoja. Bibi alisema hiyo ndiyo maana ya jina. Anayekunywa pale ajue anakunywa kwa nani. Na sasa kitaandikwa jina la mtu ambaye alichokifanya pale ni kusubiri maji kujaa.

"Mke mwenza," aliniambia mimi, maana ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao, "kesho utabeba unga. Tunakwenda kumwandikisha mwenyewe."

Mama mdogo Zuhura, binti wa mwisho wa bibi, alikuwa anakosha vyombo. Bila kugeuka alisema kwamba karani atakuwa kisimani asubuhi, kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Siku hizo mimi ndiye niliyepaswa kuuliza maswali ya namna hiyo, na hata mimi sikushtuka.

Asubuhi tukatoka, bibi mbele, mimi na bakuli la unga, na Zuhura nyuma yetu na ndoo, ingawa mitungi ya nyumbani ilikuwa imejaa. Ninakumbuka hilo kwa hakika kwa sababu niliijaza mimi. Alikuwa amejifunga khanga mpya.

Tulimkuta Rajabu kweli, na wanawake kadhaa wakiteka maji. Akamwamkia bibi, bibi akaitikia, akamwuliza kama yeye ndiye mwenye kuandika. Rajabu akasema ndiye. Bibi akachukua unga, akanyunyiza kidogo ukingoni mwa kisima, akazungumza kwa Kimakonde na asiyeonekana, akimwarifu kwamba yupo mgeni, anataka kumwandika, asishtuke. Kisha akamgeukia Rajabu akamsimulia yote: njaa, kuvuka, maji ya chumvi, maji matamu, na mitungi ya wale waliomkataa. Kijana akawa anaandika haraka, akisimama tu kuchonga penseli. Mwisho bibi akamtajia jina, polepole, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga.

Kazi ya Rajabu ilikuwa na utaratibu wake. Kila jina alilopewa ilimlazimu alirudie kwa sauti, ili mwenye jina asikie kama limeshikwa sawasawa, ndipo aliandike. Alilieleza hilo kwa heshima, lakini jina hakulirudia. Alisimama na penseli mkononi. Wakwe wote walikuwa wameshamsimulia habari za kwikwi, kama alivyosimuliwa kila mgeni.

"Sema tu, mwanangu," bibi akamwambia. "Wewe ni mpita njia. Jina hili linawashika wakwe peke yao."

Rajabu alimtazama Zuhura kwa muda mfupi sana. Zuhura alikuwa anatazama ndani ya kisima kana kwamba ameangusha kitu.

"Nantimbwe," akasema Rajabu, akainama kuandika.

Kwikwi ya kwanza ilikuwa ndogo, ya adabu. Aliibana. Ya pili ilimrusha bega, na penseli ikachora mstari kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine. Wanawake waliokuwa wanateka waliacha kuteka. Bibi hakuwaza lolote baya bado. Alidhani kijana amekosa kifungua kinywa, akasema apewe maji.

Aliyempa alikuwa Zuhura. Alichota kwa kata, akaishika kwa mikono miwili, na akapiga goti kidogo akimpa, kama mke wa kwetu anavyompa mumewe maji. Alifanya hivyo bila kufikiri, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Mtu haongozwi na mazoea ambayo hana. Rajabu akapokea, akanywa, akashukuru kwa kwikwi.

Bibi akaitazama kata. Akamtazama binti yake, ambaye sasa alikuwa ametambua magoti yake yamefanya nini. Akamtazama kijana, aliyekuwa anaendelea kuruka mabega na kujaribu kuandika huku anaruka.

"Mkwe," bibi akasema, "hebu lete hicho kipaji chako."

Akampaka unga. Ilitoka moja ya mwisho, kubwa, kisha ikakoma. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuuona unga ukimdondokea kwenye kope, na ninachokiandika ndicho nilichokiona. Zuhura alijitwisha ndoo akaondoka mbio bila kuaga. Ndoo ilikuwa tupu.

Nyumbani aliulizwa. Alisema kijana alimwomba tu amsaidie kumtajia majina ya miti ya huku.

"Alitumwa majina ya mahali, Zuhura," bibi akamwambia. "Si ya miti."

Zuhura akasema baadhi ya mahali pana miti. Babu alitoka nje ili acheke vizuri. Yeye alikuwa amefurahi kuliko wote. Alisema kijana anaonekana ana tabia njema, kwa sababu kwikwi yake, kwa alivyosimuliwa, ilikuwa ya uzito wa kutosha.

Lakini kuanzia siku ile likaanza jambo jingine, ambalo sisi watoto tulionywa kwa ukali. Wanawake wa ukoo wanaweza kulitaja jina la Nantimbwe popote, mbele ya wakwe wa zamani pia, maana hao wamezoea kugeuza uso. Hawalitaji mbele ya mkwe mpya ambaye bado hajapokewa. Kulitaja mbele yake ni kumwambia kwamba nyumba haimtaki, achukue viatu vyake arudi kwao. Msichana aliyewahi kufanyiwa hivyo mchumba wake alikuwa bado anatajwa kijijini, na sasa alikuwa mama wa watu wazima. Kwa hiyo Rajabu alipopita na fimbo zake, wanawake walilimeza jina. Dada yangu mkubwa alilimeza katikati ya sentensi, akapaliwa.

Kisha babu akaleta habari kutoka shuleni. Wapimaji wanaondoka. Kabla hawajaondoka, kijiji kizima kitakutana na watu wa ng'ambo ya kijito, na karani atasoma majina yote kwa sauti, moja moja. Jina litakalosomwa na kukubaliwa litachorwa. Lisilosomwa halitachorwa. Na penye majina mawili, watu watachagua wakiwa hapo hapo.

Bibi alikuwa anachekecha unga. Mikono yake ilisimama juu ya chekecheke. Hata mimi nilielewa. Kama Rajabu angelisoma jina la Nantimbwe mbele ya watu wote, bibi angepata alichokitafuta, na Rajabu angekuwa ametangaza kwamba yeye si mkwe wa kijiji hiki na hana mpango wa kuwa. Zuhura angebaki kuchekwa kisimani maisha yake yote. Asipolisoma, Halfani angeketi kwenye ramani juu ya maji ambayo hakuyachimba.

Zuhura alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake, akamwuliza amwambie Rajabu afanye nini.

"Usiniulize mimi," bibi akasema. "Na wala usimwambie kitu."

Mkutano ulijaa. Wanaume walikuwa kwenye mabenchi mbele, wanawake kwenye mikeka nyuma, Mzee Selemani na watu wake upande wa mlango wa darasa. Mimi nilikaa mbele ya magoti ya bibi. Rajabu alisimama na karatasi zake na kusoma, na kila jina lilipotoka watu waliitikia kwamba ndiyo, ndilo, na Bwana Mkude akaweka alama. Alisoma vizuri. Nakumbuka nilishangaa kusikia majina ya vichaka vyetu yakisomwa kwa sauti ya kiserikali, yakawa kama majina ya watu wakubwa. Zuhura alikuwa amejifunika khanga mpaka machoni.

Akafika. Tulijua amefika kwa sababu aliacha kusoma.

"Na hapa penye kisima," akasema. "Pale. Pale kwa mama."

Bwana Mkude alimkumbusha kwamba hilo lilishakataliwa, na kwamba Rajabu mwenyewe ndiye aliyesema amepata jina kamili na maana yake. Mama nani?

"Ni pale kwa mama, mzee," Rajabu akasema, na akatazama vidole vya miguu yake.

Kwenye mabenchi ya mbele kulipita mnong'ono wa wanaume waliomwona mwenzao. Babu yangu, ambaye hakuwa mtu wa kufanya mambo mbele za watu, alijisogeza kwenye benchi, akamsukuma fundi cherehani, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa. Akaipigapiga kwa kiganja. Rajabu hakukaa, alikuwa kazini, lakini aliiona.

Bwana Mkude alikuwa mtu wa haki. Akavua miwani, akaifuta, akaichukua karatasi asome mwenyewe. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza. Mwandiko uliokuwa kama wa kitabu ulikuwa umefika kwenye jina lile ukarukaruka kama panzi.

"Hili ni jina," aliuliza, "au ni tetemeko la ardhi?"

Watu walicheka, na Mzee Selemani akaona nafasi yake. Akainuka akasema kwa kuwa wenyewe hawana jina, lisomwe la Halfani. Likasomwa. Babu na mabenchi yote ya mbele wakasema hawalikubali. Bwana Mkude akawauliza basi wao wanapaitaje, na mabenchi yote ya mbele yakanyamaza. Mtu mzima alikuwa amekaribia kuchanganyikiwa. Ndipo alipofanya kile ambacho angepaswa kukifanya siku ya kwanza: aliinua kichwa akawatazama wanawake.

Aliuliza kama kuna mama yeyote anayejua jina la kisima.

Sote tulijua. Mkeka mzima ulijua, pamoja na watoto wachanga waliokuwa mgongoni. Vichwa vyote vikamgeukia bibi, naye akainuka taratibu, akajifunga khanga vizuri. Nilijua atalitaja. Nilikuwa nimelishika mdomoni mwangu mwenyewe, tayari kumsaidia, na nadhani nilianza hata kuinuka, maana nilihisi kiganja chake kikinishukia utosini na kunikalisha.

Alimtazama Rajabu. Kijana alikuwa bado ameinamisha kichwa, kama wanaume wote wa kijiji chetu.

"Maji yake ni matamu, bwana," bibi akasema. "Andika hivyo ukipenda."

Akakaa.

Bwana Mkude alimweleza kwa upole kwamba hilo si jina. Bibi akasema anajua. Basi ikaamuliwa kwamba mahali penye ubishi pataachwa na nukta tupu. Mzee Selemani alitoka akisema kwa sauti kwamba amewahi kumwona mtu akienda sokoni kununua samaki akarudi na mkwe, lakini si kwenye mkutano wa ramani. Hata sisi tulicheka, na bibi naye, ingawa yeye alicheka kwa mdomo tu. Usiku ule hakula. Nilidhani ana hasira na Zuhura. Alipomwita ilikuwa ni kumwuliza kama kijana anakula kisamvu.

Walioana baada ya mavuno ya korosho. Rajabu akawa baba yetu mdogo, akaendelea na kazi yake ya ramani mjini miaka yote, na kila likizo alirudi kukaa kwenye benchi na wakwe wenzake. Ramani ilipotoka ilibandikwa kwenye ofisi ya kata. Vichaka vyote vipo, na vivuko vyote, na jiwe la mbuzi. Kwenye mikoko kuna nukta. Nilipokuwa sekondari niliitazama mara nyingi nikiumia, kwa sababu mimi ni mtu ninayependa kitu kiandikwe mahali pake. Niliwahi kumwuliza baba mdogo kama hajutii. Alisema katika ramani zote alizozichora hakuna mahali alipopapima kwa uangalifu kama ile nukta.

Amefariki, Mungu amrehemu. Na mwaka huu wamekuja tena watu wa majina, vijana wawili wenye kishikwambi, wakiuliza yale yale. Waliambiwa kwamba mwenye kumbukumbu za ukoo ni mimi, ninakaa Magomeni, wakanifuata mjini, nikarudi nao kijijini kwa mama mdogo Zuhura. Mmoja wao, binti, alitaka jina la ile nukta. Nikampa, na maana yake nikampa, yote, kama bibi alivyoisimulia, na mahali nisipokuwa na hakika nilimwambia sina hakika. Akachapa. Likatokea kwenye kioo, juu ya kisima, kwa herufi safi.

Mama mdogo aliomba aone. Alivaa miwani, akaweka kidole chini ya herufi, akalisoma kwa sauti: "Nantimbwe." Nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu asubuhi ile ya kata ya maji. Alilisoma tena, akaniambia liko sawa.

Kisha ikapigwa hodi uani. Ni kijana wa Kimakua aliyeleta barua ya kumposa binti wa mwisho wa mama mdogo mwezi uliopita, amekuja na samaki. Mama mdogo akafunika kioo kwa kiganja.

"Nifute?" yule binti wa kishikwambi akanong'ona, akiwa ameogopa.

"Usifute," mama mdogo akasema. "Liache hapo hapo. Ila usilisome."

Kwa miaka mingi niliihesabu siku ya mkutano kuwa siku tuliyoshindwa. Sasa sina hakika. Bibi yangu hakusoma shule, lakini alijua tofauti ya jina linalohifadhiwa kwa kuandikwa na jina linalohifadhiwa na watu wanaoinamisha vichwa, na alipolazimika kuchagua moja mbele ya kijiji kizima, alichagua lile lenye kijana ndani yake. Mimi nimepata yote mawili, bila kufanya kazi yoyote ila kukumbuka. Nilimtazama yule kijana wa Kimakua akivua viatu mlangoni, akituamkia mmoja mmoja, akiuliza kwa adabu kama maji aliyopewa ni ya kutoka pale.

Tukamjibu kwamba ndiyo, ni ya pale.